Kikopo cha Asubuhi: Namna ya Kuchunguza Kifua Kikuu na VVU Nyumbani kwa Watu, Kisumu na Siaya

Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu ndani ya makohozi, haiwezi kuona kijidudu ambacho hakikuingia kwenye kikopo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia uani, nyuma ya nyumba ya mtu anayekohoa, na maabara inakuja baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa utafiti, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii wanaofuatilia watu wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu, hasa katika kaunti za kando ya Ziwa Viktoria. Huku kifua kikuu na VVU havitenganishwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wana VVU, Kisumu asilimia 17.5, Siaya 15.3 na Migori 13.0, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Mwenye VVU ambaye hajaanza dawa hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na akipatwa, makohozi yake mara nyingi huwa na vijidudu vichache. Anayehitaji jibu kuliko wote ndiye ambaye sampuli yake ni ngumu kupatikana.

Kabla ya kubisha hodi

Vibali vina mpangilio wake na haurukwi. Kwanza kamati ya maadili: ya KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), ya Chuo Kikuu cha Maseno, au ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Halafu leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua ya idara ya afya ya kaunti. Ukishuka chini kuna msimamizi wa kituo cha afya, chifu, naibu wake na mzee wa kijiji. Angalia tarehe na nambari ya toleo katika muhuri wa kila fomu ya ridhaa. Fomu ya toleo la zamani ikitiwa sahihi, data ya mtu huyo inaweza kutupwa yote, naye atakuwa amepoteza asubuhi yake bure.

Nenda na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho, lakini muulize kwanza mgonjwa wa mwanzo, yule ambaye kifua kikuu chake ndicho kilichokuleta, kama yuko radhi huyo aandamane nawe. Wengine hawataki jirani yao ajue. Fulana yenye maandishi ya mradi iache ofisini, na gari lenye nembo liegeshe mbali, penye duka au kanisa. Katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda, Kisumu, nyumba zimebanana kiasi kwamba kinachosemwa mlangoni kinasikika nyumba ya tatu. Mlangoni toa salamu tu na uombe kukaribishwa ndani au nyuma: "Hodi, mama. Tumetoka kliniki, tuliongea kwa simu. Tunaweza kukaa mahali tulivu?" Neno kifua kikuu lisubiri mpaka mmekaa.

Chagua saa kwa kufuata kazi za watu. Watoto wa shule hawapatikani ila jioni au Jumamosi. Mama anayeuza soko la Kibuye huondoka alfajiri. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo za kuwapata wamepumzika. Na kwa kuwa huhama kutoka ufuo hadi ufuo, muulize kila mmoja anatarajia kwenda wapi mwezi ujao na nani huko anaweza kumfikia.

Orodha ya watu wa nyumba ndiyo inayokosewa zaidi katika ziara ya kwanza. Swali "Mnaishi wangapi hapa?" huleta jibu la wanaokula pamoja. Unachotaka ni kila aliyelala humo hata usiku mmoja, au aliyekaa humo kwa saa nyingi za mchana mara kwa mara, katika miezi 3 kabla mgonjwa hajaanza dawa. Katika boma la Kijaluo kijana mkubwa hulala kwenye simba yake, yaani kijumba chake mwenyewe ndani ya boma. Mama anaweza asimtaje kwa sababu "ana nyumba yake," na ilhali kila jioni yuko sebuleni na mgonjwa. Upande wa pili kuna mjukuu aliyeletwa likizo akarudishwa Nakuru: huyo anahesabiwa, na jina lake lipelekwe kwa kituo cha huko. Pita nyumba kwa nyumba ndani ya boma, uliza kitanda kwa kitanda. Watoto wa chini ya miaka 5 na wenye VVU ndio wa kwanza kuchunguzwa, hata kama hawana dalili yoyote.

Maswali manne, na maneno yake

Dalili zinazoulizwa ni nne: kikohozi, joto la mwili, kupungua uzito na jasho la usiku. Kwa mwenye VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha, hata cha tangu jana. Usimsubirishe wiki mbili. Kwa mtoto ongeza: anacheza kama kawaida? Anaongezeka uzito? Kadi ya kliniki itakuambia mengi kuliko maelezo ya mzazi.

Tatizo liko kwenye maneno. Ukiuliza "Una homa?" Wakenya wengi husikia mafua, na watakujibu kuhusu pua. Uliza hivi: "Mwili umekuwa ukichemka, hasa jioni?" Ukiuliza juu ya jasho la usiku Kisumu, chini ya mabati mwezi wa Februari, kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Jasho linalowesha shuka au nguo mpaka unalazimika kubadilisha?" Uzito wengi hawajapima tangu mwaka jana, kwa hiyo uliza kama nguo zimelegea, kama mshipi umeongezwa tundu, kama watu wamemwambia amekonda. Mvutaji sigara atakuambia kikohozi chake ni cha sigara; bado ni kikohozi, kiandike.

Utasikia pia habari za chira, ule udhoofu ambao wazee husema unatokana na kuvunja mila. Usibishane. Mgonjwa aliyekwisha kuitwa mwenye chira mara nyingi amezunguka kwa waganga wa mitishamba kwa miezi, na ukianza kwa kumkosoa mama yake hutapata makohozi. Sema kwamba uchunguzi wa kifua haumzuii mtu kufanya ya kwao, kisha endelea. Uliza pia kama amewahi kutibiwa kifua kikuu, na mwaka gani. Jibu hilo litahitajika baadaye wakati wa kusoma majibu ya mashine.

Dalili peke yake haitoshi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, uliokadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, uliwapata kwa eksirei watu ambao maswali yangewaruka. Palipo na eksirei inayobebeka, ipige kwa kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Picha yenye walakini inamfanya mtu atoe makohozi hata kama hakohoi.

Makohozi yenyewe

Hapa usikimbie. Tenga dakika 20 kwa kila mtu.

Kikopo kiwe cha plastiki angavu, mdomo mpana, ujazo wa mililita 50 hivi, na kifuniko cha kusokota. Andika nambari ya mshiriki na tarehe kwenye kiwiliwili cha kikopo kabla ya kumpa mtu. Kamwe usiandike kwenye kifuniko, kwani maabara hufungua vifuniko kadhaa mezani na vikibadilishana, watu wawili wamebadilishana magonjwa. Tumia kalamu isiyofutika au stika iliyochapishwa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka barafu inapotoa jasho.

Mahali ni nje, penye jua na upepo, mbali na jikoni, na pasipoonekana kutoka barabarani. Si ndani ya nyumba, na si chooni. Choo cha shimo hakina hewa ya kutosha, na anayeingia baada ya mgonjwa atavuta alichokiacha. Vaa barakoa ya N95 iliyobana usoni, simama upande unaotoka upepo, hatua kadhaa nyuma ya mgonjwa. Yeye aelekee upande wa pili. Mgonjwa mwenyewe akiwa amevaa barakoa ya kawaida, aivue wakati wa kukohoa tu.

Mwambie asukutue mdomo kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Maji ya bomba na ya ziwa yana vijidudu vya jamaa moja na vya kifua kikuu, na vikiingia kwenye sampuli ya kuoteshwa, yaani ya kukuziwa vijidudu maabara, huleta matatizo wiki sita baadaye. Dawa ya meno isitumike kabla. Kama amekula, asukutue mara mbili: punje za ugali na nyuzi za sukuma wiki huziba njia ndani ya katriji, kile kidude cha plastiki kinachobeba sampuli ndani ya mashine.

Sasa mwelekeze, na umwonyeshe kwa mwili wako, bila kukohoa. Avute pumzi ndefu, aishike kwa sekunde chache, aitoe polepole. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu avute kwa nguvu halafu akohoe kutoka chini kabisa, mikono imeshika mbavu ikisaidia. Anachokitafuta kinatoka kifuani. Kinachokusanyika nyuma ya pua na kooni si chenyewe. Wazee wanaelewa haraka ukiwaambia, "Nyanya, nataka kile kinachokuamsha usiku." Aweke kikopo kwenye mdomo wa chini, ateme taratibu, arudie mpaka afikishe mililita 3 hadi 5. Chora mstari kwenye kikopo ili asikisie.

Inua kikopo kwenye mwanga ukiwa umekifunga. Makohozi mazuri ni mazito, yana rangi ya maziwa au manjano, wakati mwingine uzi wa damu, nayo huteleza polepole ukikiinamisha. Mate ni mepesi, angavu, yana povu juu. Ukiona mate, mrudishe kwenye pumzi tatu, kwa upole. Akishindwa tena, pokea ulichopata. Kwa GeneXpert inatakiwa mililita 1 walau, na mate ya mtu mwenye VVU yamewahi kutoa jibu. Kisha mwachie kikopo cha pili cha asubuhi, akitumie mara tu aamkapo, kabla ya chai. Usiku kucha makohozi hujikusanya, kwa hiyo ya alfajiri hushinda ya mchana. Mpigie simu saa kumi na mbili asubuhi kumkumbusha, na umwambie akiweke kivulini, kimefungwa, mbali na watoto.

Kumtia mtu mvuke wa maji ya chumvi ili akohoe ni kazi ya hospitali yenye chumba maalumu. Usiifanye nyumbani hata kama umeombwa. Mtoto mdogo asiyeweza kutoa makohozi huyameza, na ndiyo maana kinyesi chake kinafaa: gramu 0.8, ukubwa wa ukucha wa dole gumba hivi, hutosha kwa njia rahisi inayotumia kinyesi ndani ya katriji ya Ultra, aina mpya zaidi ya kipimo cha GeneXpert. Mwachie mama kikopo chenye kijiko na umwambie asichukue kilichochanganyika na mkojo au sabuni ya nepi.

Safari ya kwenda maabara

Funga kifuniko, kifute nje, kitie kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi ya kunyonya, kisha kisimamishe wima ndani ya kisanduku cha barafu. Fomu zisafiri katika mfuko wa nje peke yake. Kikopo kimoja kikivuja, fomu zilizolowa makohozi hakuna atakayezigusa. Kati ya barafu na vikopo weka gazeti au kitambaa: sampuli inatakiwa ipoe, nyuzi 2 hadi 8, isigande.

Jua ni adui wa pili. Mwanga wake huua vijidudu kupitia plastiki angavu, na kisanduku kilichoachwa wazi nyuma ya boda kutoka Kombewa mpaka mjini kinaweza kufanya kazi ya dawa. Kwa GeneXpert makohozi hustahimili siku 3 katika joto lisilozidi nyuzi 35. Kwa kuotesha ni vizuri yafike siku ile ile, kwa sababu vijidudu vya kawaida vya mdomoni huzaana kwa dakika, navyo vya kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Kwa hiyo sampuli iliyochelewa kwenye joto itaota, ila itaota kisichotakiwa. Visiwani, kama Mfangano, panga ratiba ya mashua kwanza kisha ratiba ya ziara.

Daftari la makabidhiano liwe na saa ya kukohoa, saa ya kuondoka na saa ya kupokelewa. Hizo saa tatu ndizo zitakazokueleza kwa nini mwezi fulani sampuli nyingi zimeharibika.

Ndani ya maabara

Makohozi huchanganywa na dawa ya maandalizi kwa kipimo cha mbili kwa moja: mililita 1 ya makohozi, 2 za dawa. Tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20, acha dakika 10, tikisa tena, acha dakika 5. Chukua mililita 2 uingize kwenye katriji bila mapovu. Katriji ya Ultra inatoa jibu kwa muda wa karibu dakika 80, ile ya awali saa 2 hivi, na zote hueleza kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Hadubini inahitaji maelfu ya vijidudu kwa mililita moja. Ultra huweza kugundua 16 hivi. Tofauti hiyo ndiyo uhai wa mgonjwa mwenye VVU.

Kosa namba 2008 maana yake shinikizo limezidi ndani ya katriji: makohozi ni mazito au yana chakula. Yaache yayeyuke vizuri zaidi, anza na katriji mpya. Makosa ya 5006 na 5007 aghalabu hutokana na ujazo usio sahihi au mchanganyiko usioyeyuka. Makosa yakiongezeka ghafla bila sababu, angalia vitu vitatu: vumbi kwenye kichujio cha feni, joto la chumba likizidi nyuzi 30, na umeme. Stima ikikatika katikati ya kipimo, katriji imepotea na sampuli imepungua, kwa hiyo betri ya akiba isiyoshika chaji ni hasara kuliko mashine iliyozimwa.

Jibu la "chembe" (trace), yaani vijidudu vimeonekana kwa kiasi kidogo mno, linahitaji akili ya mtu. Kwa mwenye VVU, kwa mtoto na kwa sampuli ya nje ya mapafu, lihesabu kuwa ni kifua kikuu. Kwa mtu aliyetibiwa miaka michache iliyopita linaweza kuwa mabaki ya vijidudu vilivyokufa, kwani mashine husoma vinasaba na haijui kilicho hai. Hapo ndipo jibu lako la "ulitibiwa mwaka gani" linapotumika. Kwa sababu hiyo hiyo GeneXpert haitumiki kupima kama dawa zinafanya kazi; ufuatiliaji hufanywa kwa hadubini mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, au kwa kuotesha. Kuotesha katika kimiminika hungojwa mpaka siku 42 kabla ya kusema hakuna kitu.

Mkojo wa mgonjwa aliyezidiwa

Mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana anaweza kushindwa kabisa kutoa makohozi. Kipimo cha mkojo cha LAM hutafuta kipande cha ngozi ya kijidudu kilichopita kwenye figo. Weka mikrolita 60 za mkojo kwenye utepe, weka saa, soma baada ya dakika 25 na si zaidi ya 35, penye mwanga mzuri, ukilinganisha na kadi ya rejea. Mstari hafifu kuliko wa kwanza kwenye kadi si ndiyo. Kipimo hiki kinawafaa waliolazwa wenye dalili au CD4 (hesabu ya chembe za kinga katika damu) chini ya 200, na wa nje walio na dalili, waliozidiwa au walio na CD4 chini ya 100. Kikisema ndiyo, dawa zianze siku hiyo. Kikisema hapana, hakijamwondolea mtu kifua kikuu. Endelea kutafuta makohozi. Wala hakiwezi kukuambia habari za usugu wa dawa.

VVU, na siri ya mwenye siri

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU inakataza kumlazimisha mtu kupimwa na inalinda siri ya majibu. Nyumbani hilo linahitaji ufundi. Mpime kila mtu peke yake, na uwape wote muda ule ule wa kukaa faragha, hata aliyekataa kupimwa. Wote wakikaa dakika 30, jirani hawezi kuhesabu nani alipewa nasaha ndefu. Baba akisema, "Nipe majibu ya wote, hii ni nyumba yangu," mjibu kwa heshima: "Mzee, ya kwako nitakupa wewe peke yako, na wao vivyo hivyo. Mkitaka kuambiana, nitakaa nanyi mkiambiana." Wengi hukubali. Asiyekubali, usimpime mkewe siku hiyo nyumbani. Mpe nafasi kliniki.

Fuata mpangilio wa vipimo vya taifa hatua kwa hatua. Kipimo kimoja kikisema ndiyo hujamaliza. Usimwulize mtoto kama mama anakunywa dawa kila siku. Usitaje VVU kwenye kikopo, kwenye ujumbe wa simu, wala kwenye rejista ya makabidhiano. Simu nyingi ni za nyumba nzima. Kubaliana na mshiriki maneno mtakayotumia, kwa mfano "Mizigo yako imefika," na uliza ni saa gani simu iko mkononi mwake.

Nakala ya ridhaa ni haki yake kubaki nayo. Ila karatasi yenye neno VVU chini ya godoro imewahi kuvunja nyumba. Mweleze, kisha mwulize: aichukue sasa, au uihifadhi kliniki mpaka atakapoitaka? Andika alichochagua. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake, Kijaluo, Kiluhya au Kikisii, mbele ya shahidi asiye wa mradi, naye aweke kidole gumba.

Majibu

Jibu la kifua kikuu likiwa ndiyo, kituo kipigiwe simu siku hiyo hiyo na mgonjwa aingizwe kwenye TIBU, mfumo wa taifa wa kuandikisha wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ni bure katika vituo vya umma: nne kwa miezi 2, mbili kwa miezi 4. Usugu wa rifampisini ukionekana, mratibu wa kifua kikuu wa kaunti ajulishwe papo hapo, na sampuli nyingine itafutwe kabla dawa hazijaanza.

Kama mgonjwa ana VVU, hakikisha mambo mawili kwa macho yako. La kwanza, dawa ya VVU iitwayo dolutegravir, ya miligramu 50, inatakiwa mara mbili kwa siku wakati wote wa rifampisini na wiki 2 baada yake, kwa kuwa rifampisini huisukuma nje ya mwili haraka. Kosa la kawaida ni daktari wa kifua kikuu kuandika dawa zake na kliniki ya VVU kuendelea kumpa kidonge kimoja, kila upande ukidhani mwingine amebadilisha. Fungua mkoba wake, hesabu vidonge. La pili, ambaye hajaanza dawa za VVU aanze ndani ya wiki 2 tangu aanze za kifua kikuu, isipokuwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambapo husubiri wiki 4 hadi 8. Mwonye kwamba wiki za mwanzo anaweza kuvimba tezi au kuchemka upya: kinga inaamka na kushambulia. Arudi kliniki, asiache dawa.

Walio safi katika nyumba hiyo wapewe tiba ya kinga baada ya ugonjwa kuondolewa shaka. Ile ya isoniazidi na rifapentini ni mara moja kwa wiki, dozi 12 kwa jumla. Chagua siku ambayo haisahauliki, siku ya kanisa au ya soko. Waambie mapema mkojo na machozi yatakuwa ya rangi ya chungwa, la sivyo wataacha wiki ya kwanza wakidhani ni damu. Vitamini B6 iende pamoja ili nyayo zisiwake moto. Chang'aa na busaa ziachwe kwa ajili ya ini, na macho yakigeuka manjano dawa isimame, aje haraka. Mama anayetumia kipandikizi au vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe kwamba dawa hizi hudhoofisha kinga yake ya mimba. Atumie kondomu au sindano kwa muda huo. Hili husahauliwa sana, na anayelipa ni mwanamke.

Na aliyekutwa hana kitu apewe jibu vilevile. Kukaa kimya kwa mtu uliyemtoa makohozi alfajiri ndiko kunakofunga milango ya kijiji kwa mradi unaofuata.

Saa mbili ni saa ngapi?

Mshiriki anasema alikohoa "saa mbili." Msaidizi mmoja anaandika 02:00, mwingine 08:00, na sampuli moja inaonekana imekaa saa sita zaidi njiani. Fomu zote ziandikwe kwa saa 24, na swali liwe na neno asubuhi au jioni ndani yake. Majina nayo yana mtego: mtu huyo huyo ni Achieng' kliniki, jina la ubatizo shuleni, na jina la mume kwenye kitambulisho. Tumia nambari ya mshiriki yenye tarakimu ya kuhakiki mwishoni ili kosa la kuandika lijulikane papo hapo, na orodha inayounganisha nambari na majina ifungiwe mbali na data. Tableti iwe na nenosiri na ifanye kazi bila mtandao. Gem na Rarieda, huko Siaya, zina mabonde ambayo mtandao haufiki.

Jioni

Pangusa kisanduku kwa klorini ya asilimia 0.5. Ukitumia Jik ya asilimia 3.5, ni kipimo 1 kwa maji 6, iliyochanganywa siku hiyo. Iache dakika 30. Barakoa iliyolowa au kulegea kamba itupwe. Kisha keti na daftari uhesabu: vikopo vilivyotoka asubuhi, vilivyorudi na makohozi, vilivyoachwa nyumbani, vilivyo vitupu. Hesabu isipolingana, tafuta kikopo kabla ya kulala, maana kesho hakuna atakayekumbuka kilikuwa kwenye boma gani. Mwisho, pitia majina ya wanaongoja majibu zaidi ya siku 3, na uandike kando ya kila mmoja nani atampigia kesho asubuhi, na saa ngapi.